Kiti cha Joto Nyuma ya Duka la Magodoro

Santuri alikuwa anapita zake nje ya lango la hospitali, hana shida na hospitali wala hospitali haina habari naye, alipomwona fundi viatu anashona kiatu amesimama.

Mtu mwingine angepita. Santuri akafunga breki.

Huyu ni mtu aliyewahi kuuza kisima kikavu kwa wanunuzi wawili siku moja, na wote wawili wakamshukuru. Jina la Santuri alipewa kwa sababu mdomo wake ukishaanza kuzunguka hausimami mpaka wimbo uishe, na wimbo ukiisha wewe huna kitu mfukoni. Shule hakumaliza, lakini somo moja alilifaulu vizuri: mtu anayeumwa, halafu anaona haya kusema anaumwa wapi, huyo ni mali.

"Fundi, kigoda chako kile pale kimekaa bure. Kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea."

"Basi kikalie."

"Kikalie wewe," fundi alisema, uzi umo mdomoni. "Una kiatu au una maneno?"

Santuri akavua kiatu cha kulia, kizima kabisa, akampa. "Nikazie soli."

"Soli hii haina tatizo."

"Ikaze hivyo hivyo. Nina safari."

Basi mtu akisimama mguu mmoja uko kwenye soksi, mbele ya fundi ambaye naye anabadilisha mguu kila baada ya sindano tatu, mazungumzo huja yenyewe. Kiatu hakijafika nusu, Santuri alikwisha jua yote.

Ilikuwa miezi minane. Maumivu yalikuwa chini, pale mahali ambapo mwanamume hapataji mbele ya wakwe zake. Daktari kijana wa hospitali hiyo alimpima, akampima tena, akamwambia si saratani. Ni tezi dume, imeingiwa na maumivu sugu, na tiba yake ni mambo mawili yaende pamoja: joto, dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini jioni, ili kulegeza misuli ya nyonga, na vidonge kila siku, bila kuruka, wiki sita.

"Si tiba hiyo umeipata?" Santuri aliuliza.

"Nimepata karatasi. Chumba cha joto kimefungwa, mashine imeenda kutengenezwa tangu mwaka juzi. Dirisha la dawa wananiambia njoo wiki ijayo. Wiki ijayo hii ni ya kumi na tisa." Fundi akavuta uzi kwa nguvu mpaka ngozi ikalia. "Nyumbani nakalia beseni la maji ya moto. Napata nafuu ya saa moja, maumivu yanarudi na ndugu zake. Na kazi yangu ndiyo hii. Nilipokuwa nakaa nilikuwa nashona pea kumi na mbili kwa siku. Sasa nashona tatu, na miguu inavimba. Wiki mbili nyingine, naacha kazi."

"Wako wengi kama wewe?"

"Ingia ndani utazame benchi."

Santuri aliingia na kiatu kimoja. Kwenye baraza la wagonjwa lilikuwako benchi refu, zuri, jipya, lenye kibao kinachosema limezinduliwa na nani. Lilikuwa tupu. Ukutani walisimama wanaume thelathini, kila mmoja ameegemea kwa namna yake, wanalitazama benchi lile kama watu wanaotazama nyoka.

Hapa inafaa tuwashukuru wakubwa. Mashine ya hospitali ikishaenda kutengenezwa, wewe mwananchi hesabu kwamba imeoa huko ilikokwenda. Dawa zikiletwa, zinakuja na hotuba. Hotuba inabaki, dawa zinaondoka. Hao ndio wanaolima, na watu kama Santuri wanakuja kuvuna tu.

Wenye magari hawakuwamo kwenye kundi lile. Santuri aliliona hilo haraka. Tezi wanazo, alijiambia, ila wanazo pamoja na haya. Akatoka anacheka.

*

Chumba alikipata nyuma ya duka la magodoro. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Mheshimiwa haendi kwa mganga mchana kweupe, lakini mheshimiwa yeyote anaweza kuingia duka la magodoro. Ili asitiliwe shaka, anatoka na mto kwapani. Mwenye duka alikubali palepale, kwa sababu mito ilipandishwa bei mara mbili.

Ndani kulikuwa na pazia, picha ya mwili wa binadamu iliyochanwa kwenye kitabu cha shule, na viti vitatu vya plastiki vilivyotobolewa katikati. Chini ya kila kiti, tofali lililopashwa moto kwenye jiko la mkaa, likafungwa taulo. Hilo ndilo joto. Dawa ilikuwa peremende za mnanaa. Santuri alizisugua kwa msasa mpaka maandishi yakafutika, akazitia kwenye chupa za dawa kuukuu.

"Na mimi?" fundi aliuliza siku aliyoitwa kutazama.

"Wewe ndiye ushahidi. Wateja wakiwapo, wewe unakaa pale kwenye stuli, unatabasamu. Mtu aliyepona."

"Nikae?"

"Ukae."

"Bwana wewe, nimekwambia siwezi kukaa!"

"Kaka yangu, nitakulipa zaidi ya hizo pea tatu. Na dozi yako ya chupa hii ni bure mpaka upone. Tabasamu tu. Ndiyo kazi yenyewe."

Fundi alizitazama chupa zile. Lebo zilikuwa za dawa, harufu ilikuwa kali, na miezi minane si mchezo. Akakubali. Ndivyo mji wetu ulivyopata mtu wa kwanza kuajiriwa kukaa kwa sababu hawezi kukaa.

Wateja wakaja. Alikuja mkandarasi aliyejenga ile barabara iliyoondoka na mvua ya kwanza. Alikuja afisa mstaafu wa forodha, mtu aliyekagua mizigo ya wenzake miaka thelathini, asiweze kuikagua peremende. Santuri aliwakalisha kwenye matofali, akaweka mikono nyuma.

"Waheshimiwa, joto linapanda kutoka chini. Ubaridi wa dawa unashuka kutoka juu. Ugonjwa uko katikati. Sasa niambieni, uende wapi?"

Mkandarasi aliifikiria hoja ile kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria barabara. "Hauna pa kwenda," akakiri.

"Hauna pa kwenda! Unaona raha ya kutibu mtu aliyesoma? Joto peke yake, nusu. Dawa peke yake, nusu. Mtazameni huyu fundi. Alikuja hapa amebebwa."

Fundi alitabasamu. Machozi yakamtoka.

"Analia?" afisa wa forodha aliuliza.

"Shukrani," alisema Santuri. "Kila siku namkataza."

Tofali lina joto lake, na joto kweli linapoza maumivu kwa saa moja. Kwa hiyo waheshimiwa walitoka wanatembea vizuri, wakafika nyumbani wanachechemea, na kesho wakarudi. Ungewaona jioni wanavyotoka mmoja mmoja, suti safi na mto kwapani. Kuna mke mmoja aliyeita ndugu wa mume wakae kikao, kwa sababu nyumba ina vitanda viwili na mito kumi na saba.

*

Aliyeivunja sherehe ni shemeji.

Huyu alikuwa nesi wa hospitali ileile, mdogo wa marehemu mke wa fundi. Zamani alikuwa msimamizi wa chumba cha joto. Mashine ilipoondoka, wakamwekea meza mlangoni awe anaandika namba kwenye kadi. Jumapili moja alikwenda kumjulia hali shemeji yake, akamkuta anamung'unya.

"Unakula nini, shemeji?"

"Dawa. Ya tezi." Fundi akaitoa chupa kwa fahari kidogo. "Nipo kwenye dozi ya tatu."

Nesi aliinusa, akalamba moja. Kisha akasema polepole, "Hii nawanunulia wanangu wakifaulu mtihani."

"Ni kali lakini."

"Ni mnanaa, shemeji! Peremende! Mtu mzima na mvi zako unanyonya pipi, halafu unakalia maumivu kwa ujira? Dada yangu angekuona leo, angerudi alikotoka kwa aibu."

Fundi akaifunga chupa. Dada huyo wa nesi, mkewe fundi, alifia hospitalini humohumo, akisubiri hewa ya mtungi. Mtungi ulikuwapo, chumba cha mtungi kilikuwapo, ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa mmoja, na mkubwa alikuwa kwenye semina ya huduma bora. Tangu siku hiyo shemeji hawa wawili walikuwa wakiongea kama watu waliobaki wawili duniani.

"Nitakwenda kumvunja meno," fundi alisema mwishowe.

"Meno ya nini? Keti... simama hapohapo, unisikilize. Unajua mashine yangu iko wapi?"

"Iko kutengenezwa."

"Iko barazani nyumbani kwa Mkurugenzi wetu wa hospitali. Nilitumwa nimpelekee faili, nimeiona kwa macho yangu mawili. Kiti cheupe, waya mwekundu. Paka wake amelala juu yake. Paka yule ana nafuu kuliko wagonjwa wa mji mzima. Na maboksi ya vidonge nimeyaona stoo kwake humohumo, mlango ulikuwa wazi." Akavuta pumzi. "Na jingine. Mwezi mzima sasa anaendesha mikutano amesimama. Watu wanasema ni uchapakazi."

Fundi aliacha kumung'unya.

"Dereva wake anakuletea viatu wewe," nesi alisema. "Mwambie dereva habari za duka la magodoro. Hayo mengine nitakufundisha neno kwa neno."

*

Mkurugenzi alikuja Jumanne saa sita mchana. Miwani nyeusi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na koti la dereva wake. Santuri hakumjua. Fundi alimjua kwa viatu. Visigino vile alivibandika yeye.

"Nina rafiki yangu," alianza, "ana tatizo."

"Rafiki yako akae," alisema Santuri.

"Rafiki yangu hawezi kukaa."

"Basi kafika nyumbani."

Fundi akakohoa kwenye stuli yake. "Mzee, mwambie rafiki yako ukweli wote. Tofali ni la kuanzia tu. Mimi kilichonimalizia ugonjwa ni mashine ya umeme, ile ya kiti cheupe na waya mwekundu. Pamoja na vidonge vya chupa ya kahawia."

Santuri alimgeukia kwa jicho la kuua, lakini mdomo wake hauwezi kuona nafasi ukaiacha. "Ah, hiyo sasa ni daraja la kwanza. Mashine hiyo, mheshimiwa, nimeagiza. Itafika mwakani."

"Mwakani!" Mkurugenzi alipiga kelele ya mtu aliyekanyaga msumari. Akashusha sauti. "Rafiki yangu... anayo moja. Barazani. Ila hajui inavyotumika. Na vidonge hivyo anavyo, maboksi matatu."

Santuri akaweka mikono nyuma.

"Rafiki yako," Santuri alisema kwa upole mkubwa, "ni mtu wa maana sana."

Kesho yake mashine na maboksi matatu vikaletwa na gari la wagonjwa, gari ambalo wagonjwa wenyewe hawakuwahi kuliona likitembea. Mkurugenzi akakalia kiti chake mwenyewe dakika ishirini, akanyonya peremende mbili alizopewa na Santuri badala ya vidonge vyake, akasema rafiki yake anajisikia kijana. Atarudi Jumamosi.

Lakini Santuri hakuwa mtu wa kungoja Jumamosi. Mashine ya umeme na maboksi matatu ya dawa halisi, hiyo ilikuwa safari yenyewe aliyokaziwa soli. Lori lingemsubiri sokoni Ijumaa mchana. Fedha zote alizokusanya kwa waheshimiwa akazitia kwenye bahasha, akaizika ndani ya boksi la tatu, chini ya chupa, ili mzigo uwe mmoja.

Fundi ndiye aliyemkuta anafunga kamba.

"Unahama, kaka?"

"Natanua huduma."

"Sawa. Lakini kiti kina nembo ya hospitali mgongoni. Ukikutwa nacho njiani bila karatasi, watakutanua wewe."

Santuri aliitazama nembo. Akaikwangua kwa ukucha, haikutoka.

"Nina ndugu yangu," fundi alisema, "ana karatasi zenye mihuri. Ataandika hati ya usafirishaji. Wewe utie sahihi tu."

Karatasi ililetwa baada ya saa moja. Santuri aliiinua juu kwenye mwanga. Mihuri mitatu, miwili ya bluu, mmoja mwekundu, haijakwaruzika hata kidogo. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake, akatia sahihi. Maandishi hakuyasoma. Maisha yake yote alikuwa anatengeneza karatasi ambazo watu hawazisomi, wanatazama muhuri tu. Haikumwingia akilini kwamba naye ni mtu.

*

Alikuwa na kanuni moja ya kazi: usitembee karibu na mzigo wa wizi. Tangulia hatua hamsini, piga mluzi. Mzigo ukikamatwa, wewe ni mpita njia. Ndivyo alivyofanya. Msukuma mkokoteni, ambaye kandambili zake alishonewa na fundi na karatasi alipewa na fundi, alifuata nyuma na mashine na maboksi. Walipita mtaa wa maduka, wakapita ukuta wa hospitali, Santuri yuko kwenye beti ya pili ya mluzi. Akageuka.

Barabara ilikuwa tupu.

Mwizi mwenye akili angeendelea na safari. Lakini boksi la tatu lilimvuta kama kamba ya ng'ombe. Akarudi mbio, akaingia lango la hospitali anahema, na cha kwanza kukiona kilikuwa mkokoteni katikati ya uwanja, umezungukwa na wanaume thelathini. Juu ya baraza alisimama nesi, karatasi mkononi, anaisoma kwa sauti ya mwadhini.

"'Mimi niliyetia sahihi hapa, raia mwema, narudisha kwa hiari yangu kwenye chumba cha joto mashine moja na maboksi matatu ya vidonge, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake...' Na huyo hapo! Ndiye huyo!"

Santuri alifungua mdomo. Kabla wimbo haujaanza, alikwisha nyanyuliwa juu juu. Wanaume waliokuwa hawawezi kukaa walikuwa na mikono mizuri sana.

Makelele yakamtoa Mkurugenzi ofisini. Alisimama mlangoni, akaiona mashine, akauona waya mwekundu, akayaona manyoya ya paka wake juu ya kiti. Kisha akamwona mganga wake amebebwa mabegani. Mganga naye akamwona, safari hii bila miwani na bila kofia. Walitazamana kwa muda ambao ungetosha kupika maharage.

Kila mmoja alikuwa na neno moja la kumwangamiza mwenzake. Na kila mmoja, ili alitamke, ilimbidi kwanza aeleze yeye alikuwa amekalia nini, na wapi.

"Wananchi," alisema Mkurugenzi.

Maana wakubwa wanaweza kukosa dawa, wakakosa mashine, wakakosa aibu; hotuba hawajawahi kukosa. Alieleza jinsi ofisi yake ilivyoifuatilia mashine hii usiku na mchana. Alisifu uzalendo. Wanaume wakapiga makofi, mpaka mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Wageni rasmi wakae!"

"Wakae! Wakae!"

Benchi jipya likafutwa vumbi. Mkurugenzi alilitazama benchi alilolizindua mwenyewe, akageuka kijivu.

"Mimi nitasimama na wananchi wangu," alisema.

"Hapana, mzee," nesi alisema kwa adabu, mikono kifuani. "Umesimama mwezi mzima kwa ajili yetu. Leo pumzika."

Akakaa. Santuri akakalishwa pembeni yake. Sherehe ilichukua saa mbili, kwa sababu kila boksi lilifunguliwa mbele ya watu. Daktari kijana alisoma tarehe za chupa moja moja, kuona kama dawa bado ni nzima. Mkurugenzi alikuwa anatokwa jasho, meno yameumana. Fundi akaja nyuma ya benchi, akainama kati ya masikio yao.

"Tabasamuni, wazee. Ndiyo kazi yenyewe."

Boksi la tatu likafunguliwa. Chupa arobaini. Chini yake, bahasha nene. Nesi akaichungulia, akainua nyusi.

"Na mchango!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Santuri alitoa sauti ndogo, kama godoro linalokaliwa.

"Hiyo," Mkurugenzi alisema upesi, mkono umekwisha nyooka, maumivu na yote, "hiyo ipelekwe ofisini kwangu kwa uhifadhi."

"Ningeipeleka, mzee. Ila karatasi inasema chumba cha joto." Nesi akaigeuza waione wote. "Ina mihuri mitatu."

*

Chumba cha joto kilifunguliwa Jumatatu. Kwa bahasha ile walinunua viti viwili zaidi na dawa za kutosha, na kila mtu aliingia kwa namba, na cheti cha daktari mkononi. Mkandarasi na afisa wa forodha walikuja wiki ya pili, wamechoka kunyonya peremende peke yao. Mkurugenzi hakufanywa chochote. Alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, yenye meza ndefu zaidi, na wanasema huko nako anasifiwa kwa kusimama.

Fundi alikalia joto asubuhi na jioni, akameza vidonge bila kuruka. Wiki ya tatu alikaa nusu saa. Wiki ya sita alivuta kigoda asubuhi, akakaa, na alipokumbuka kusikiliza maumivu, ilikuwa mchana na pea ya nane iko mapajani.

Kivuli kikamwangukia. Kiatu kikashuka mbele yake, soli imeachama kama mdomo wa mamba.

"Nikazie," ilisema sauti aliyoijua. Ilikuwa imekwaruzika.

"Safari imekuwa ndefu, kaka. Kaa hapo kwenye boksi, dakika kumi."

"Nasimama tu."

"Kaa, bwana. Hakuna anayekudai kitu."

"Nimesema nasimama!"

Fundi aliinua macho. Santuri aliegemea ukuta wa hospitali, mguu mmoja kwenye soksi. Akabadilisha mguu. Sindano mbili hazijapita, akabadilisha tena. Mdomo ulikuwa umefungwa, jambo ambalo mji wetu haukuwahi kuliona.

Fundi akapitisha uzi, akauvuta, akaukata kwa meno.

"Namba zinaanza kutolewa saa moja asubuhi," alisema. "Mwambie shemeji nimekutuma mimi. Na usije na mto."